Visigino vya Mgeni Rasmi

Niseme wazi tangu mwanzo: sikuwapenda. Nilipopangiwa kazi wilayani Kasulu, mimi mtu wa Tanga, nililia siku mbili, ya tatu nikafungasha. Shule yenyewe iko njia ya kwenda Heru Juu. Jina lake sitalitaja kwa sababu ipo hadi leo, na ina watu wenye midomo.

Nilikuta wenzangu wanafundisha sayansi kwa kuimbisha. Mwalimu anasimama mbele na fimbo, anauliza, "Kanieneo ni nini?" Darasa zima linaitikia kwa sauti moja, kama kwaya ya Jumapili, "Kanieneo ni kani inayotenda juu ya eneo!" Haya. Mchague mmoja umuulize, "Maana yake nini, baba?" Anakutumbulia macho. Na mwalimu wake naye, wallahi, ukimuuliza anakutumbulia macho vilevile, isipokuwa yeye ana mshahara.

Mimi nilifundisha. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Niliwaambia watoto wa darasa la sita: kani ni kusukuma au kuvuta, basi, msiniletee mashairi. Ukisukuma mlango, umetumia kani. Ukimvuta mbuzi asiyetaka kwenda mnadani, umetumia kani, na mbuzi naye anatumia ya kwake, ndiyo maana mnatoka jasho wote wawili. Kani tunaipima kwa nyutoni. Sasa kanieneo ni swali la pili: hiyo kani imetua wapi, pakubwa au padogo? Chukua kani, igawe kwa eneo. Kani ileile ikitua mahali padogo, kanieneo inakuwa kubwa. Ikitandazwa mahali papana, inapungua.

Nikamsimamisha msichana mmoja, nikamtwika ndoo ya maji kichwani bila ngata. Akakunja uso. Nikampa ngata yake ya majani ya mgomba, nikamtwika tena. Uso ukakunjuka. "Ndoo imepungua uzito?" nikauliza. "Hapana, mwarimu!" "Kichwa kimekuwa kikubwa?" Wakacheka. Nikawaambia, ngata imetandaza uzito uleule kwenye eneo kubwa la kichwa, ndiyo maana hauumizi. Tangu wana miaka mitano wanabeba ndoo, mama zao wanabeba, bibi zao wamebeba, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujiuliza. Niliwasikitikia, nikajiona mjanja. Nilikuwa na tabia hiyo, ya kusikitikia watu ili nijione mjanja.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu wa tai fupi na ahadi ndefu. Kila mkutano alikuwa "anafuatilia." Alikuwa anafuatilia madawati, anafuatilia vyoo, anafuatilia hadi chaki. Alichokifuatilia kweli kilikuwa nyumba yake aliyokuwa anaijenga Kibondo, na hilo tulilijua sote, kwa sababu alituonyesha picha zake kwenye simu kila msingi ulipopanda. Tulizisifia. Unadhani tungefanyaje? Yeye ndiye anayeandika ripoti zetu.

Mwaka huo wazazi walijenga darasa jipya. Walifyatua tofali wenyewe, wakachoma, wakapandisha ukuta, wakaezeka. Ikabaki sakafu. Mama mmoja mfanyabiashara wa mjini Kasulu, mwanamke mwenye duka kubwa na mkufu mkubwa kuliko duka, akajitolea saruji yote ya sakafu. Ililetwa kwa Fuso ikapangwa kwenye stoo ya shule hadi karibu na dari. Baada ya wiki moja Fuso nyingine ikaja, saa nane mchana kweupe, watoto wakiwa mapumziko, ikapakia sehemu kubwa ya mifuko ile na kuelekea Kibondo. Mwalimu mkuu alisimama pembeni akiongea na simu kwa sauti kubwa kuhusu maadili ya kazi. Sikutunga hilo.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nalalamika tangu nimefika kwamba nyumba yangu ya shule ina sakafu ya udongo na funza wananimaliza vidole. Jioni ileile aliniletea mifuko miwili kwa toroli. "Imebaki baki hii, mwalimu," akasema. "Tusaidiane." Nikasema ahsante sana, Mwenyezi Mungu akuzidishie. Nilijua imetoka wapi, na nilimwombea dua hivyohivyo.

Fundi aliyenimwagia sakafu ndiye aliyepewa kazi ya darasa. Huyu mzee alivushwa mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake. Alikulia huku, akaoa huku, akapata uraia wake, na cheti chake alikiweka ndani ya mfuko wa nailoni akakihifadhi kuliko anavyohifadhi pesa. Ndugu zake waliokuwa kambini Mtabila walirudishwa kwao kambi ilipofungwa. Yeye akabaki na shamba lake la mihogo na mwiko wake wa ujenzi. Miaka yote hiyo, akipita njiani, bado watu walisema, "Yule Mrundi." Nami nilisema hivyohivyo, maana nilijifunza haraka mambo ya kijinga ya hapa, mazuri yao yakanichukua muda.

Nyumbani kwangu alifanya kazi safi. Alishindilia kifusi, akamwaga zege, akasawazisha, akaniambia nimwagilie maji siku saba ili saruji isikauke kwa pupa. Sakafu ikatoka ngumu, laini, ukitembea unasikia viatu vyako. Funza wakahama.

Siku alipoingia stoo kuchukua saruji ya darasa, nilikuwa pale nachukua chaki. Aliangalia mifuko iliyobaki, akavua kofia, akajikuna. "Mwarimu mkuu," akasema, "hii haitoshi. Hii ni ya kupaka, si ya kumwaga."

"Basi paka," akajibu mwalimu mkuu.

"Itakuwa ganda tu."

"Fundi, umeitwa kujenga au kuhubiri?"

Nikachukua chaki zangu nikaondoka. Nilisikia kila neno.

Wakaitwa akina mama wa kijiji. Kwa udongo hawana mpinzani, hilo nawapa. Walishindilia sakafu ya darasa kwa magongo mapana siku nzima, wakaisiriba kwa udongo wa mfinyanzi na kinyesi cha ng'ombe, ikakaza vizuri kabisa. Ingeachwa hivyo ingedumu miaka chini ya nyayo za watoto, na hakuna ambaye angeshangaa. Lakini mwalimu mkuu alitaka ing'ae. Fundi akaamriwa apige niru juu yake, saruji ya maji maji iliyopakwa nyembamba kama ganda la yai. Ikang'aa hadi unajiona meno. Mwalimu mkuu akapiga picha kumi, akazirusha kwenye kundi la WhatsApp la walimu na maneno "Kazi iendelee." Tukaweka vidole gumba, mmoja mmoja, mafundi wa vidole gumba sisi.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi, yule mama wa saruji, alifika saa tatu. Aliletwa kunywa chai kwangu kwa sababu nyumba yangu ndiyo ilikuwa na sakafu ya kueleweka. Alikuwa amevaa viatu vya mchuchumio, visigino vyembamba kama penseli, kwenye mlima wa vumbi jekundu! Ufahari mwingine ni ugonjwa. Alizunguka sebuleni kwangu, akatazama picha ukutani, akaja jikoni kushukuru, ko, ko, ko. Hakuacha hata alama. Akala maandazi matatu.

Kisha tukaenda darasani. Hotuba zikasomwa nje, utepe ukakatwa, vigelegele vikapigwa. Akaingia wa kwanza, mkono mmoja akiwapungia watoto. Hatua ya kwanza, kach! Kisigino kikazama hadi kwenye soli. Akajaribu kukichomoa kwa kuegemea mguu wa pili, na wa pili nao kach! Akabaki amenaswa katikati ya darasa, kamshika mwenyekiti wa kijiji shingoni. Kijana wake wa picha hakuacha kurekodi. Walipomvuta akatoka bila viatu, na vile viatu vikabaki vimesimama peke yao sakafuni, na pembeni mwake udongo mweusi wenye harufu ya zizi. Nilijing'ata ulimi nisicheke. Darasa la sita hawakujing'ata.

Alipochungulia lile tundu hakuwa mjinga, kwa kweli. "Saruji yangu iko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo nilipomwona mwalimu mkuu alivyo hodari. Hakupepesa hata ukope. Alinyoosha mkono wake wenye saa, akamwonyesha mzee wa watu aliyesimama dirishani na kofia mkononi. "Muulizeni fundi," akasema. Na nyuma yangu, kabla hata upepo haujageuka, mtu akasema, "Si Mrundi huyo, mlitegemea nini?"

Mkutano ukapangwa Jumatano. Maneno yalitangulia: fundi ameiba, atamwaga sakafu upya kwa mali yake mwenyewe, na akibisha, mwalimu mkuu alisema hivyo dukani mbele za watu, "tutaanza kukagua na yale makaratasi yake." Mzee wa miaka sitini na zaidi, wajukuu wake wanasoma shuleni kwetu, atolewe cheti chake kwenye nailoni kigeuzwe geuzwe na watu wasiojua hata kukisoma.

Jumanne alasiri alikuja kwangu. Akavua makubazi mlangoni. Nikamkaribisha kiti, akakaa ukingoni.

"Mwarimu," akasema, "wewe ulikuwepo stoo. Ulisikia nikisema haitoshi."

"Nilikuwepo," nikasema. "Sasa unataka niseme nini?"

"Sema ulichosikia tu. Mimi wakinisikia wanasikia Mrundi. Wewe wakikusikia wanasikia mwarimu."

Alipokuwa anasubiri jibu aliinama, akapitisha kiganja sakafuni, pale pembeni ya mlango, kuangalia kama pana ufa. Ni mazoea ya fundi. Aliijua ile mifuko miwili. Alikuwa ameikata kamba mwenyewe, ameichanganya mwenyewe, na alikuwa amekaa juu yake. Angeweza kuniambia, mwarimu, usiposema mimi nitasema. Hakusema. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimdharau kwa hilo. Nilimwona mnyonge. Nilijiambia, mtu asiyejua kutumia alichonacho mkononi ndiye anayeonewa kila siku. Nikamwambia, "Nenda kapumzike, mzee. Nitasema kitu."

"Ego," akasema. Ndiyo. Akavaa makubazi yake akaondoka ameridhika.

Usiku mzima, hapana, nisijisifu kwamba nilikesha, nililala vizuri tu. Lakini kabla ya kulala nilipiga hesabu. Nikisema nilichosikia stoo, mwalimu mkuu ataniuliza mbele ya kijiji sakafu yangu imetoka wapi. Nitaonekana mwizi, mimi niliyewacheka wote. Nisiposema, mzee anaangamia. Nikatafuta njia ya katikati, na nilipoipata nilifurahi hadi nikachekelea peke yangu kitandani. Nitawafundisha kanieneo! Kosa ni la kisigino. Fundi anapona, mwalimu mkuu anapona, mimi napona, na wote wanabaki wakishangaa elimu yangu.

Jumatano nikaingia na ubao mdogo na chaki. Mgeni naye alikuwepo, safari hii amevaa ndala za ngozi. Nikaomba ruhusa, nikasimama.

"Ndugu zangu," nikasema, "kabla hatujatafuta mwizi, tutafute kanieneo." Nikaandika. Tuseme mtu ana kilo themanini, na kwa adabu sikumtazama mtu yeyote. Ardhi inamvuta kwa kani ya nyutoni kama mia nane. Anapotembea, kuna kitambo kidogo uzito wake wote unatua juu ya kisigino kimoja, na kisigino chenyewe upana wake ni kama ukucha wa kidole cha mwisho. Gawa mia nane kwa kaeneo hako. Inatoka paskali milioni nane. Sasa mchukue tembo. Kilo elfu tano, nyutoni elfu hamsini, lakini ana miguu minne, na kila wayo ni mpana kama sinia. Gawa. Haifiki hata paskali laki moja na nusu. "Kwa hiyo," nikasema nikiwageukia, "angeingia tembo mle darasani, sakafu ingebonyea kidogo sana kuliko kilichotokea kwa kisigino. Kisigino kinazidi wayo wa tembo zaidi ya mara hamsini!"

Loo, walivyofurahi! Walipiga makofi, wakarudia "tembo, tembo," na mwenyekiti alijipiga paja. Mwalimu mkuu alipiga makofi kuliko wote. Nikaona mzee ameinua uso.

Kila hesabu niliyoandika pale ilikuwa sahihi, naweza kuirudia leo. Uongo ulikuwa kwenye kile nilichokiacha. Zege la kweli linabeba kisigino cha aina hiyo na kuomba kingine. Hilo nililijua vizuri, na nilikuwa nimeshashuhudia.

Na huyo mama mwenye mkufu, niliyemwona hana kitu kichwani zaidi ya wigi, akainua mkono. "Mwalimu, nimekuelewa," akasema. "Lakini kwako nilitembea na viatu vilevile. Mbona kwako sikutoboa?"

Sikuwa nimejiandaa. Mtu mwerevu kama mimi, sikuwa nimejiandaa kwa swali ambalo mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Maneno yakanitoka yenyewe. "Kwangu," nikasema, "fundi alimwaga zege la kutosha, mama."

Mwalimu mkuu alisimama kabla sijafunga mdomo. "Mmesikia? Mmesikia wenyewe! Kwa mwalimu kuna zege, darasani ganda. Saruji ilienda wapi?" Akanigeukia kwa upole, ule upole wake wa ripoti. "Mwalimu, wewe si ulinunua kwake bila kujua imetoka wapi?"

Kijiji kizima kikanitazama. Mzee naye akanitazama, si kwa hasira. Alikuwa anasubiri, kama alivyosubiri juu ya kile kiti. Neno moja lilitosha. Hapana. Herufi sita tu, na mimi ni mwalimu.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Sikusikia vizuri kelele zilizofuata. Nilimsikia mtu anasema uraia, mwingine anasema Mabamba, kule mpakani, arudishwe alikotoka, ingawa hakuwahi kuishi Mabamba siku moja. Nilichosikia vizuri ni mzee mwenyewe, aliposimama na kusema, bila kupandisha sauti, "Nitamwaga upya." Hakuniangalia tena. Hakutaja stoo, hakutaja toroli, hakutaja nani aliyeileta kwangu mifuko ile. Nani angemwamini? Mwalimu alikuwa ameshasema.

Jumamosi ng'ombe wake mmoja aliongozwa kwenda mnadani. Jumatatu saruji ikaja, mifuko kamili, na mwalimu mkuu akapiga picha. Aliifanya kazi peke yake, maana vijana wake wawili waliokuwa wakimsaidia walikatazwa na wazazi wao kufanya kazi na mwizi. Alivunja ganda lote, akatoa udongo, akapanga mawe, akamwaga zege nene kuliko hata la kwangu. Nilikuwa napita mbali, njia ya nyuma ya vyoo, siku tatu mfululizo.

Siku ya nne nilichelewa, nikapita karibu, na nyuma yangu wanafunzi wa darasa la sita wamebeba ramani na ubao. Alikuwa amepiga magoti mlangoni na mwiko mkononi anasawazisha ukingo wa mwisho. Aliponiona aliweka mwiko chini, akajishika goti, akanyanyuka polepole. Akafuta mikono kwenye suruali. Mzee huyu ni umri wa baba yangu mzazi, na baba yangu angekuwa hai angempisha njia. Akainamisha kichwa mbele ya watoto wote wale, na hakuwa ananidhihaki, ningefurahi kama angekuwa ananidhihaki.

"Shikamoo, mwarimu," akasema.

Na mimi nikaitikia marahaba.